Si "Kent County": namna ya kuandika na kutamka majina ya kaunti za Uingereza

Msikilizaji wetu mmoja, muuguzi aliyehamia Uingereza kikazi, alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Barua yake ya kazi ilimtaka aripoti Gillingham. Alipotua London aliuliza njia, akaelekezwa kituo cha treni cha Waterloo, akafika dirishani na kutaja jina la mji kama sote tungelitaja, kwa "g" ya gari. Akauziwa tiketi. Treni ikampeleka magharibi kwa muda wa saa mbili hivi, akashuka na masanduku yake mawili katika kimji cha Gillingham kilichoko Dorset. Jua lilikuwa limezama. Hospitali aliyoitafuta haikuwapo.

Gillingham aliyotakiwa kwenda iko Kent, mashariki mwa London, na yenyewe hutamkwa kwa "j" ya jina: "Jilingam". Ile ya Dorset ndiyo ya "g" ya gari. Maandishi ni yale yale, herufi kwa herufi. Neno Kent lilikuwepo kwenye barua, tena baada ya jina la mji tu, lakini alikuwa amelipita. "Nilidhani ni jina la mtaa," alituambia, huku akicheka kicheko cha mtu ambaye siku ile hakucheka.

Tuliucheza ujumbe ule katika kipindi cha asubuhi na maswali yakamiminika. Je, ni Devon au Devonshire? Mbona Durham huandikwa County Durham? Kwa nini sisi watangazaji hutamka Leicester kwa namna tatu katika taarifa moja ya michezo? Hilo la mwisho lilituuma kwa sababu ni kweli. Tukaona tuyaweke majibu hapa kwa maandishi, hasa kwa kuwa wengi wanaotuuliza wana sababu ya kujua. Tangu Kenya na Uingereza zitie saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, kuna nyumba nyingi katika eneo letu ambazo zina barua yenye anwani ya huko juu ya kabati.

Kabla hatujaendelea: tunaposema Uingereza hapa tunamaanisha England, bila Scotland, Wales wala Ireland Kaskazini. Wafugaji watatuuliza kuhusu ng'ombe wa Ayrshire. Ayrshire iko Scotland.

Tabia yetu ya kuongeza "County"

Kosa tunaloliona zaidi kwenye barua na fomu ambazo wasikilizaji hutuletea tuzisome halitokani na kutojua Kiingereza. Linatokana na kuijua Kenya. Tangu katiba ya mwaka 2010 itupe kaunti 47, tumezoea kwamba kila kaunti kwa Kiingereza hufuatwa na neno County: Kilifi County, Kisii County, Turkana County. Ni sahihi kabisa, na ni lazima, kwa sababu mara nyingi mji na kaunti hutumia jina moja. Ukisema Kisii peke yake mtu atauliza, mjini au wapi?

Mwingereza hafanyi hivyo. Kaunti ya Kent kwa Kiingereza ni Kent, basi. "She works in Kent." Vivyo hivyo Essex, Surrey, Norfolk, Lincolnshire, Yorkshire. Hakuna County mbele wala nyuma. Kwenye majina yenye "shire" kosa huwa maradufu, maana "shire" yenyewe ni neno la kale la Kiingereza lenye maana ya eneo la utawala. Anayeandika "Lincolnshire County" amesema "kaunti ya kaunti ya Lincoln".

Tatizo si urembo wa lugha tu. Wanaoweka County nyuma ya jina kama sisi ni Wamarekani, nao wana kaunti nyingi zilizopewa majina ya zile za Uingereza. Chukua Dover. Dover ya Uingereza, ile bandari ya feri zinazokwenda Ufaransa, iko Kent. Marekani nako kuna Dover, mji mkuu wa jimbo la Delaware, nao uko katika kaunti inayoitwa, ndiyo, Kent County. Kwa hiyo ukiandika "Dover, Kent County" umemtaja mtu aliye ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Ukiandika "Durham County" umetaja North Carolina. Essex County iko New Jersey na nyingine Massachusetts. Boston tunayoijua kwa mbio za marathoni iko Suffolk County, Massachusetts, ilhali Suffolk ya Uingereza haina Boston hata moja. Boston ya Uingereza iko Lincolnshire. Mtu anayesoma fomu yako haraka hana muda wa kukisia ulikuwa unafikiria nchi gani.

Lakini msikilizaji mmoja alitukatiza papo hapo hewani: mbona kuna Derby County na Notts County? Hayo ni majina ya klabu za mpira. Derby County iko katika mji wa Derby, kaunti ya Derbyshire. Notts County iko Nottingham, kaunti ya Nottinghamshire. Stockport County nayo inatoka Stockport, na hakuna kaunti iitwayo Stockport. Pia utakutana na Kent County Council, ambayo ni serikali ya kaunti, kama ambavyo utakutana na klabu za kriketi zenye neno County ndani yake. Hapo neno ni sehemu ya jina la taasisi. Taasisi iandike ilivyojiandika, kaunti iache peke yake.

Durham ndiyo mkaidi wao. Kwa kawaida huitwa County Durham, neno County likitangulia, kama wanavyofanya Waayalandi wanaposema County Cork au County Antrim. Ukisema Durham tu, wengi wataelewa unazungumzia mji wenye kanisa kuu na chuo kikuu. Hakuna Durhamshire.

Zipi zina "shire", zipi hazina

Hapa ndipo watu hutafuta kanuni. Hakuna kanuni ya kuaminika, ila historia inasaidia kukumbuka.

Kaunti nyingi zenye "shire" ziliitwa kwa jina la mji uliokuwa kitovu cha utawala: Leicestershire, Lincolnshire, Bedfordshire, Nottinghamshire. Ofisa wa mfalme aliyesimamia "shire" ndiye ambaye cheo chake kilikuja kuwa sherifu, neno ambalo sasa tunalijua kwa filamu za Marekani. Kaunti zisizo na "shire" mara nyingi zilikuwa na jina kama nchi au kama watu kabla ya mpango huo. Kent ilikuwa ufalme. Essex ni Wasaksoni wa mashariki, Sussex ni wa kusini, Middlesex ni wa kati. Norfolk ni watu wa kaskazini na Suffolk ni watu wa kusini. Ukishajua hivyo unaona kwa nini Essexshire na Kentshire husikika vibaya. Jina lilikuwa limekamilika kabla ya "shire" kufika.

Usidhani hata hivyo kwamba unaweza kuchukua mji wowote ukaubandika "shire". Mji ni Lancaster, kaunti ni Lancashire. Mji ni Chester, kaunti ni Cheshire. Wiltshire imetokana na mji wa Wilton, ambao leo ni mdogo kiasi kwamba hata wenyeji wengi huupita kwa gari bila kuuangalia. Hampshire je? Inatokana na jina la kale la Southampton. Wengi wetu tuliujua mji huo mwaka 2013, Victor Wanyama alipohamia huko kutoka Celtic, na sisi tukajifunza kuutaja kila Jumamosi. Na kuna Shropshire, ambayo mji wake mkuu ni Shrewsbury. Mtu yeyote anayedai angekisia hilo, tunamwomba apige simu studioni.

Sasa Devon. Swali hili lilikuja mara nyingi kuliko yote, na tunajua lilikotoka: darasa la historia. Kila mwanafunzi wa Kenya amefundishwa Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923, ule uliotangaza kwamba Kenya kimsingi ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao yatatangulia, huku ukiwaachia walowezi nyanda za juu. Kwa hiyo jina la Devonshire limo vichwani mwetu tangu shule, na mtu anapoona Devon anadhani kuna kipande kimekatika.

Waraka ule haukuitwa kwa jina la kaunti. Uliitwa kwa jina la waziri wa makoloni wa wakati ule, Victor Cavendish, ambaye alikuwa Duke wa tisa wa Devonshire. Hicho ni cheo cha ukoo. Nyumba kubwa ya ukoo huo, Chatsworth, haiko hata Devon. Iko Derbyshire, mbali sana kaskazini. Kaunti yenyewe kwa Kiingereza cha leo ni Devon. Devonshire ni umbo lililokuwa likitumika pia zamani, nalo limebaki katika vyeo, majina ya mitaa, hoteli na vikosi vya zamani vya jeshi. Dorset na Somerset nazo zina historia kama hiyo, zilikuwa zikiandikwa Dorsetshire na Somersetshire. Kwa hiyo: waraka ni wa Devonshire, mahali ni Devon. Ukienda likizo "in Devonshire" watakuelewa, lakini watadhani umejifunza Kiingereza kwa vitabu vya babu yako.

Dorset, kwa njia, wafugaji wetu wanaijua bila kujua kwamba wanaijua. Kondoo aina ya Dorper wanaofugwa sehemu nyingi za nchi hii walizalishwa Afrika Kusini kwa kuchanganya Dorset Horn na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi. "Dor" ni Dorset.

Namna ya kutamka

Sisi wa redio hapa ndipo tunapopata aibu, kwa sababu anayeandika vibaya husomwa na mmoja, anayetamka vibaya husikika tarafa nzima.

Neno "shire" likisimama peke yake hutamkwa "shaya". Likiwa mwishoni mwa jina la kaunti linafupishwa hadi "sha", jepesi sana. Wengine husema "shia". Halitamkwi "shaya" hapo. Sababu ya sisi kukosea ni kwamba Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tukiona jina refu tunakimbilia mwishoni na kulitia nguvu huko: "Linkolni-SHA-ya". Kiingereza katika majina haya hutia nguvu mwanzoni na kuiacha mikia ife: "LIN-kan-sha". Herufi "l" ya pili katika Lincoln haitamkwi kabisa.

Leicester ni "Lesta". Sehemu ya katikati imemezwa karne nyingi zilizopita, na maandishi hayakupewa habari. Worcester ni "Wusta", Gloucester ni "Glosta". Ongeza "sha" na unapata kaunti: "Lestasha", "Wustasha", "Glostasha". Ile chupa ya mchuzi mweusi kwenye rafu za supamaketi, Worcestershire, ndiyo hiyo "Wustasha", na Waingereza wengi huchoka njiani na kusema "Wusta" tu. Kuhusu Leicester hatuna kisingizio. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, wengi wao walikwenda kuanza upya katika mji huo, na mwaka 2016 klabu yake ilichukua ubingwa wa ligi kuu. Tumekuwa na muda wa kutosha.

Kundi lingine ni yale majina ambayo "e" husomwa kama "a". Derby ni "Dabi", Derbyshire ni "Dabisha". Berkshire ni "Baksha". Hertfordshire ni "Hatfodsha". Wengine hutubishia kuhusu Derby, na jibu letu ni kwamba wao wenyewe wameshalitamka sawasawa maisha yao yote. Dabi ya Mashemeji kati ya Gor Mahia na AFC Leopards, au dabi ya Kariakoo kati ya Simba na Yanga, ni neno hilo hilo. Lilianzia kwenye mbio za farasi za Epsom, kaunti ya Surrey, zilizoanza mwaka 1780 na kuitwa kwa jina la lodi aliyekuwa na cheo cha Earl wa Derby. Likapita kwenye mpira, likafika kwetu kwa masikio badala ya macho, na ndiyo maana Kiswahili kimelihifadhi kama Waingereza wanavyolitamka. Mtangazaji anayesema "dabi" dakika ya kwanza na "Debi Kaunti" dakika ya pili amelitamka neno moja kwa lugha mbili.

Hertfordshire inahitaji uangalifu zaidi kwa sababu kuna Herefordshire. Ya kwanza iko kaskazini mwa London, karibu kabisa. Chuo kikuu chake, ambacho baadhi ya vijana wetu huomba nafasi, kiko Hatfield. Ya pili iko mpakani na Wales, nyumbani kwa ng'ombe wekundu wenye uso mweupe, na hutamkwa "Herifodsha". Tofauti katika maandishi ni herufi moja, "t" mahali pa "e". Kama una barua yenye mojawapo ya majina haya, isome tena sasa hivi kabla hujanunua tiketi.

Na mji wa Reading, ulioko Berkshire, ni "Reding". Si "Riding". Tulilisoma hivyo kwa miaka.

Vifupisho, na neno "the"

Kwenye bahasha na matangazo ya kazi utaona Herts, Bucks, Northants, Notts, Lancs, Wilts. Hivi ni vifupisho vya maandishi vya Hertfordshire, Buckinghamshire, Northamptonshire na wenzao, na ukivisoma hewani ni salama zaidi kutaja jina zima. Vitatu havifanani na jina lake: Hants ni Hampshire, Oxon ni Oxfordshire, na Salop ni Shropshire. Salop hata iliwahi kuwa jina rasmi la kaunti hiyo kuanzia 1974 hadi 1980, kabla wenyeji hawajalikataa. Usibuni vyako. Kent haifupishwi, Essex haifupishwi.

Majina ya kaunti hayachukui "the". Ni "in Yorkshire", si "in the Yorkshire". Yanayochukua ni yale ambayo yana neno la kawaida ndani yake: the Isle of Wight, the West Midlands, the East Riding of Yorkshire. Na unapoandika mji na kaunti katikati ya sentensi, weka mkato pande zote mbili za kaunti: "He moved to Boston, Lincolnshire, last year." Mkato wa pili ndio ambao watu husahau.

Kaunti zinazohama

Tungependa kuishia hapo, lakini ramani yao ilipanguliwa tarehe 1 Aprili 1974 na bado inaleta ubishi. Manchester, ambayo kwa karne nyingi ilikuwa Lancashire, ikawa katika kaunti mpya ya Greater Manchester. Liverpool ikaenda Merseyside. Bournemouth ikatolewa Hampshire na kutiwa Dorset. Rutland, ndogo kuliko zote za bara, ikafutwa, kisha ikarudi kuwa na serikali yake mwaka 1997. Ndiyo maana klabu ya kriketi ya Lancashire bado inacheza Old Trafford, na mzee mmoja wa Manchester anaweza kukuambia anaishi Lancashire bila kukosea sana.

Leo England ina kaunti 48 zinazotumika kwa mambo ya heshima, kila moja ikiwa na mwakilishi wa mfalme. Zimetuzidi kwa moja. Lakini mipaka hiyo mara nyingi haifanani na mipaka ya mabaraza yanayozoa taka na kutoza kodi. Kwa barua za posta hilo halikusumbui, kwa kuwa tangu mwaka 1996 shirika la posta la huko halihitaji jina la kaunti. Mji na msimbo wa posta vinatosha. Kwa tiketi ya treni linakuhusu. Vituo vya Gillingham kwenye orodha huandikwa na kaunti katika mabano, kimoja Kent na kingine Dorset, na muuza tiketi ukimtajia kaunti hana haja ya kusikiliza "g" yako.

Muuguzi wetu alilala kwenye nyumba ya wageni usiku ule na akafika kazini siku iliyofuata, saa nane mchana. Juzi alituandikia tena. Amepokea bili ya kodi ya nyumba, na imetoka kwa baraza la Medway. Hakuna neno Kent popote kwenye bahasha. Anauliza kama amepotea mara ya pili.

Hapana, dada. Gillingham yako imekuwa chini ya baraza la Medway tangu 1998, ndiyo maana bili haitoki kwa lile baraza la Kent. Lakini kaunti yako bado ni Kent. Ukiulizwa unakoishi, sema "Gillingham, Kent", kwa "j" ya jina.